Sehemu ya mwisho ina wiki tano, bado sijaifungua

Shikamoo Shangazi,

Nakuletea jambo ambalo nikiligusia kwa watu wa karibu wanacheka, na mimi sijaona cha kuchekesha. Mwezi wa 5, ndani ya siku 16, tamthilia zangu tatu zilifunga. Sizungumzii zile za kuwasha huku unapiga pasi. Ni tatu ninazozifuata sehemu kwa sehemu, kila moja na siku yake ya wiki.

Ya kwanza ni ya madaktari, msimu wa 6, sehemu 22. Ilikatikia patamu: mlango wa lifti unafunga, daktari mkuu yumo ndani na mtu aliyekuwa akimtishia tangu sehemu ya 9, kioo kikawa cheusi, majina yakaanza kupanda. Wamesema itarudi. Hawakusema lini.

Ya pili ni ya upelelezi, ya jukwaa la mtandaoni, msimu wa 2, sehemu 8. Siku 19 baada ya kumalizika likatoka tangazo la mistari mitatu kwamba msimu wa 3 haupo. Muuaji hajajulikana! Nimetia sahihi ombi la mashabiki, nimelisambaza kwa kila ninayemjua, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso nalifungua kuona sahihi zimefika ngapi.

Ya tatu ndiyo iliyonikalisha niandike. Miaka 7, sehemu 94, familia moja na hoteli yao kando ya ziwa. Hii imekwisha kabisa, walitangaza mapema. Nimeangalia hadi ya 93. Ya 94 ina wiki tano kwenye orodha yangu. Kila jioni naifikia, nasoma yale maelezo yake mafupi, naona dakika 71, narudi nyuma.

Nimeifuata na mdogo wangu wa kiume tangu msimu wa kwanza, yeye akiwa mji mwingine. Ijumaa saa tatu usiku, simu kwenye spika. Yeye anaipata kwa dishi, mimi kwa intaneti, kwa hiyo yuko mbele yangu kama nusu dakika. Mwanzoni nilikuwa namsikia anaguna "Aah!" wakati kwangu watu bado wanakunywa chai, tukakubaliana afunge mdomo hadi nami nifike. Ikiisha tunaizungumzia dakika kumi, kisha saa nzima tunaongea mengine. Ni kwenye saa hiyo nilijua amepoteza kazi. Ni kwenye saa hiyo hiyo aliniambia anataka kuoa.

Usiku wa sehemu ya 94 nilimwambia intaneti imekatika. Haikukatika. Akasema hataitazama bila mimi. Ijumaa mbili zilizofuata alipiga: "Tayari, dada?" Ya tatu alituma ujumbe tu. Mbili za mwisho kimya. Nadhani amenikasirikia, au ameshachoka na mimi.

Mume wangu anasema wale ni waigizaji, wamelipwa wameenda zao. Najua. Lakini baada ya ile ya 93 sikulala vizuri usiku mbili, na kazini nilimfokea mwenzangu aliyeniuliza tu kama nimeona mwisho.

Nimejiwekea nadhiri: sitaanza tena tamthilia ambayo haijakamilika yote. Na hii ya 94 nafikiri niiache ilivyo, ili isiishe. Nakosea? Na mdogo wangu nimwambie nini?

Mwenye Moja Iliyobaki

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na sijacheka. Naona umepata miisho mitatu kwa mpigo na umeibeba kama mzigo mmoja, wakati kila mmoja una uzito wake. Madaktari wako wamepumzika. Mpelelezi wako amekatizwa. Familia ya ziwani imehitimisha, ila wewe hujawapa nafasi ya kuaga. Juu ya hayo yote kuna ndugu yako aliyenyamaza, na naona umemweka mwishoni mwa barua kama nyongeza. Nitamrudia.

Kwanza hilo la mumeo. Anasema kweli, na wewe pia unasema kweli. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliuandikia ukaribu huu wa upande mmoja ambao mtazamaji huujenga na mtu wa kwenye kioo: unamjua sauti, unamjua anavyokunja uso akidanganya, naye hakujui. Chukua sehemu 93 za kama dakika 45 kila moja, utapata karibu saa 70 za kukaa na watu walewale. Kuna majirani ambao kwa miaka saba hatujakaa nao saa 70. Kuwakumbuka si upungufu wa akili.

Sasa hao madaktari. Umeuliza kwa kulalamika, nami nakujibu kama swali, kwa sababu hapa kuna kalenda. Vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani kwa miaka mingi vimeendesha msimu kuanzia Septemba hadi Mei, na sehemu 22 ndicho kipimo chao cha kawaida. Ndiyo maana tamthilia hukufungia kwa pamoja mwezi wa 5, hukuandamwa. Sehemu moja ya saa nzima huchukua takriban siku nane kurekodi, na kazi ya msimu mpya kwa kawaida huanza katikati ya mwaka ili Septemba au Oktoba ziwepo sehemu za kuonyesha. Kama hiyo yako inafuata mwendo huo, lifti itafunguka baada ya miezi minne au mitano. Mlango ulifungwa makusudi ili usisahau kurudi. Ni mbinu ya siku nyingi: Machi 21, 1980, kwenye tamthilia ya Dallas, J.R. Ewing alipigwa risasi, na aliyempiga hakujulikana hadi Novemba 21, kwa kuwa mgomo wa waigizaji nao ulisukuma kila kitu mbele. Watu walisubiri miezi minane, wakarudi wengi kuliko walioondoka.

Za mtandaoni hazina kalenda, na hapo ndipo wengi huumia bila kujua kwa nini. Mara nyingi msimu mzima huandikwa kabla ya kamera kuwashwa, hurekodiwa kwa miezi, kisha hufuata madoido ya kompyuta, kisha sauti na maandishi ya lugha nyingi, kwa sababu hutolewa siku moja kila mahali. Hata Game of Thrones, iliyokuwa ya kituo cha kulipia cha HBO, msimu wake wa 7 uliisha Agosti 2017 na wa 8 ukaanza Aprili 2019. Msimu wa 4 wa Stranger Things uliisha Julai 2022, wa 5 ukaja Novemba 2025. Mwaka 2023 waandishi wa Marekani waligoma siku 148 na waigizaji siku 118, na kila kilichokuwa jikoni kikachelewa. Ukipenda tamthilia ya namna hii, jiandae kusubiri mwaka mmoja na nusu au zaidi. Dawa ninayoiamini ni ndogo: usiku msimu unapoisha andika mistari mitano. Nani yuko wapi, nani anajua siri ya nani, nani ana hasira na nani, kitu gani kimefichwa, nani amesafiri. Ukirudi baada ya miezi 20 utaishukuru hiyo mistari, maana mashabiki wengi hukata tamaa na msimu mpya kwa kuwa tu wamesahau, wakadhani umeharibika.

Kuhusu mpelelezi wako nitakuwa mkweli kwako. Jukwaa huangalia wangapi walianza, wangapi walifika sehemu ya mwisho, na hasa walifika ndani ya wiki nne za mwanzo au baadaye. Kwa upande wa pili wa mizani gharama hupanda kila msimu, kwa kuwa mikataba ya waigizaji huwa na nyongeza. Ndiyo sababu msimu wa 2 na wa 3 ndiyo yenye makaburi mengi. Mikataba hiyo pia ina tarehe ya kuisha. Ikiisha, waigizaji huchukua kazi nyingine, na seti, yaani majengo ya kurekodia, hubomolewa kwa sababu ghala lina kodi. Kwa hiyo ombi la mashabiki, likifanya kazi, hufanya mapema. Brooklyn Nine-Nine ilifutwa na kituo kimoja Mei 2018, kesho yake kituo kingine kikaichukua. Sense8 ilifutwa Juni 2017, na kelele za mashabiki zikaipatia sehemu moja ndefu ya kuhitimisha mwaka uliofuata. Jericho ilifutwa mwaka 2007, mashabiki wakapeleka shehena za karanga kwenye ofisi za kituo, wakapewa sehemu saba, kisha ikafutwa tena. Upande mwingine, zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi kutaka msimu wa mwisho wa Game of Thrones urudiwe, na haukurudiwa.

Sikwambii ufute sahihi yako. Nakuuliza tu: ile ya kuhesabu kila asubuhi kabla ya kunawa uso, inakupa nini? Kama inakupa matumaini, endelea. Kama inakuachia ladha chungu siku nzima, basi iwe Jumamosi kwa Jumamosi. Idadi haiongezeki kwa kutazamwa. Na fuatilia mahojiano ya waandishi wake. Tamthilia ikishazikwa, baadhi yao husema walichopanga, pamoja na nani alikuwa muuaji. Hatari ni kwamba mpango wa mdomoni si hadithi, na wapo waliolijua jina la muuaji wakatamani wasingelijua.

Nadhiri yako naielewa. Mtu aliyeungua hupuliza hata maziwa baridi. Ina faida: hukatiziwi, na hukai ukisubiri. Ila ina bei. Wengi wakingoja hadi yote yakamilike, zile wiki nne za mwanzo zinakuwa tupu, na tamthilia uliyoiwekea akiba inafutwa kwa kukosa watu kama wewe. Pia haki za kuonyesha huisha muda, hivyo unaweza kungoja miaka mitano ukafika ukakuta imeondolewa. Uhondo nao utamwagwa tu, yaani utajua yaliyotokea kabla hujatazama: hata ukizuia maneno fulani yasikutokee kwenye simu yako, yaani jina la tamthilia, majina ya wahusika na ya waigizaji, bado picha ya jalada la video moja inaweza kukuonyesha jeneza. Ipo njia ya katikati ambayo baadhi ya watazamaji wameipenda, ya kungoja msimu (si tamthilia nzima) utoke wote, kisha kuutazama ndani ya mwezi huohuo. Ipo pia ya kuchagua tamthilia fupi za msimu mmoja, sehemu sita hadi kumi, ambazo mwisho wake uliandikwa kabla ya mwanzo kurekodiwa. Lakini hakuna kati ya hizo inayoleta simu ya Ijumaa kwa wiki 14 mfululizo. Hilo lipime mwenyewe, mimi siwezi kukupimia.

Sasa sehemu ya 94.

Umeandika unataka kuiacha "ili isiishe". Nikuombe uitazame kauli hiyo tena. Waandishi wa tamthilia ndefu wana desturi ambayo ukishaijua utaiona kila mahali: mambo mazito huwekwa kwenye sehemu ya kabla ya mwisho. Huko ndiko watu hufa, siri hulipuka, nyumba huungua. Ya mwisho huachiwa kazi nyingine, ya kukusanya watu waliobaki, kuzika, kusameheana au kushindwa kusameheana, na kuonyesha kesho yao. Wewe hukulala usiku mbili baada ya 93. Sijui kilichotokea pale hotelini, lakini sina budi kukuuliza kama umesimama mahali penye maumivu kuliko pote ukadhani umesimama mahali salama. Kwa wiki tano sasa, kwako, 93 ndiyo mwisho wao.

Sisemi 94 itakuwa nzuri. Ipo miisho inayoudhi. The Sopranos ilimalizika Juni 2007 kwa kioo kuwa cheusi katikati ya tukio, na watazamaji wengi walidhani matangazo yamekatika. Kinachoonwa hakiwezi kutoonwa. Ikiwa mbaya utaikasirikia, na nimeona watu wakisema miaka yote imepotea. Wengi wa hao baada ya muda hurudia sehemu ya katikati, tuseme ya msimu wa 3, wakakuta bado inawachekesha palepale. Kutoitazama nako ni uamuzi halali, hudaiwi na mtu. Ila ukiuchagua, umweleze mdogo wako wazi kwamba wewe huendelei, ili yeye aitazame. Kama anaingojea kwenye rekodi ya king'amuzi chake, muulize mapema, maana diski ikijaa ving'amuzi vingi hufuta za zamani vyenyewe.

Ukiamua kuitazama, haya yanasaidia. Usianze saa tatu. Dakika 71 na mazungumzo zitakupeleka usiku wa manane na kesho utakuwa na hasira ya usingizi ukadhani ni ya tamthilia. Anza saa mbili. Rudia dakika kumi za mwisho za 93, kisha ruka ule muhtasari wa yaliyopita: huchagua matukio yatakayotumika tu, kwa hiyo ukionyeshwa pete ya msimu wa 2, umeshajua pete inarudi. Zima kile kitu cha kucheza chenyewe, kwa sababu majina yakianza kupanda picha hukunjwa pembeni, sekunde zinahesabiwa, na kabla hujafuta machozi umeletewa tamthilia nyingine. Kwenye baadhi ya majukwaa kitufe chake kimejificha kwenye mipangilio ya wasifu wako ukiingia kwa kivinjari. Wacha majina yapite yote. Baadhi huweka tukio dogo mwishoni kabisa.

Ile nusu dakika yenu nayo sasa inatibika, kwani hii si ya moja kwa moja tena. Kama mdogo wako anaweza kuingia kwenye jukwaa hilo, wote mfungue, iache ipakie, msimamishe kwenye sekunde ya 10, mhesabu tatu, mbonyeze. Kila mmoja avae kisikilizi sikio moja, vinginevyo sauti ya kwake inarudi kwako kama mwangwi. Aliyekwama aseme "nimekwama", mwenzake asimamishe.

Umesema amekukasirikia. Huenda. Lakini kimya chake kina maelezo zaidi ya hilo moja. Huenda kila akikupigia anaona anakudai sehemu ya 94, naye hataki kukusukuma. Huenda ameitazama siku moja usiku akishindwa kuvumilia, sasa anaogopa sauti yake itamsaliti. Miaka saba umemfundisha kufunga mdomo nusu dakika, wiki tano ni nyingi kwake. Au huenda anajiuliza unachojiuliza wewe, kwamba tamthilia ikiisha, mtapigiana kwa sababu gani? Tazama hesabu uliyoniandikia mwenyewe: dakika kumi za tamthilia, saa nzima ya mengine. Habari ya kazi na habari ya ndoa hazikutoka kwenye ile hoteli.

Kuhusu intaneti iliyokatika, ukweli wake ni sentensi moja: "Haikukatika, niliogopa iishe." Unaweza kumwambia kabla, ukahatarisha kidogo aibu. Unaweza kuunyamazia, lakini nafikiri anajua, kwa sababu mtu ambaye intaneti yake imekatika wiki tano hulalamika. Ukiitazama peke yako kwanza ili ujiandae, utalazimika kushtuka kwa uongo mkiirudia, na huyo anakujua sauti.

Sioni sababu ya kungoja uwe tayari kwa 94 ndipo umpigie. Mpigie Ijumaa hii saa tatu kama kawaida, televisheni ikiwa imezimwa, umuulize maandalizi ya ndoa yamefika wapi. Mkifika kwenye lile la ziwani, mtafika. Na siku mkiamua kubonyeza, yeye ndiye ahesabu tatu.

Shangazi